Spea za injini zilizokaa stoo: namna ya kuondoa kutu na kujua zipi bado zinafaa

Mahindi yakishavunwa, mashine za kusaga za Mbeya, Iringa na Njombe hazipumziki, na hapo ndipo watu hukumbuka spea zilizolala stoo. Injini imeanza kula oili, au krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imekatika, na kijana anatumwa akapekue chini ya meza palipo na injini ya zamani iliyofunguliwa miaka mingi nyuma. Anarudi na ndoo ya vyuma vyekundu. Mwenye mali mmoja atasema viende chuma chakavu. Mwingine atavipiga brashi ya waya ving'ae, atavipaka oili na kuvifunga jioni hiyo hiyo. Wa kwanza huenda ametupa krenki nzima. Wa pili huenda amefunga injini itakayokufa katikati ya msimu.

Kutu peke yake haitoi jibu. Kinachoamua ni kutu imekaa sehemu gani ya kifaa na imechimba kiasi gani. Nje ya bloku, yaani mwili wa injini, kutu hata ikiwa nene haina neno. Kwenye shingo ya krenki, yaani pale inapozunguka ndani ya beringi, kishimo kidogo kama punje ya ulezi kinatosha kuanza kuila beringi. Kwa hiyo tunasafisha ili tuone chuma chenyewe kikoje chini ya ule wekundu. Kung'aa si lengo.

Kwa nini spea za huku huharibika haraka

Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai chuma hupoa sana, asubuhi hewa yenye unyevu inapopata joto hukutana na chuma ambacho bado ni cha baridi, na matone ya maji hujitunga juu yake bila paa kuvuja. Kisha zinakuja mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili, na ukiwa Rungwe zinaendelea hata baada ya hapo. Unyevu wa hewa ukishapita asilimia 60 hivi, chuma kisicho na mafuta huanza kuota kutu kwa kasi.

Jambo jingine watu hawalifikirii: stoo hiyo hiyo ina mifuko ya mbolea. CAN na mbolea nyingine za chumvichumvi hunyonya maji ya hewani, na vumbi lake likitua juu ya chuma huweka unyevu pale pale usiku na mchana. Kutu ya namna hiyo haisambai sawasawa, inachimba vishimo. Amonia yake pia hushambulia bushi za shaba, utaziona zimeota rangi ya kijani au buluu. Kifaa kilichokaa jirani na mbolea, au jirani na banda la kuku, kikaguliwe kwa ukali zaidi kuliko kilichokaa mbali.

Kwanza: tenga, weka alama

Usikimbilie kulowesha. Chukua sumaku. Kinachonasa ni chuma, weka upande mmoja. Pistoni, mifuniko na hedi (vichwa vya injini) za aluminiamu weka upande wao. Bushi na washa za shaba weka peke yake. Dawa inayofaa chuma inaweza kuila aluminiamu mpaka ikawa na uso wa sponji.

Vitu vilivyozaliwa pamoja visiachane. Konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, na kofia yake vilichongwa vikiwa vimefungwa pamoja, ukichanganya kofia tundu halitakuwa duara tena. Plenja, kile kijiti kinachosukuma dizeli ndani ya pampu, na kifuko chake ni jozi. Sindano ya nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli, na mwili wake ni jozi. Tapeti irudi kwenye pua yake ya kemshafti, ule uvimbe wa mhimili unaoisukuma ili valvu ifunguke. Funga kila jozi kwa waya wenye kibati kilichogongwa namba, kwa sababu wino wa kalamu utafutika ukianza kuosha.

Hapo hapo toa vya kutupa bila mjadala: oili sili, oringi, gasketi za karatasi, ringi za pistoni zenye kutu, na beringi za gololi zenye kutu kwenye njia ya gololi. Beringi ya gololi hata ikisafishwa ikazunguka laini mkononi, vishimo vyake vitaanza kunguruma ikipata mzigo. Washa za shaba nyekundu unaweza kuzirudisha: zichome mpaka ziwe nyekundu, zitumbukize kwenye maji, zitakuwa laini tena kwa kukazwa.

Pili: ondoa mafuta kabla ya kutu

Osha kwa dizeli au mafuta ya taa na brashi ngumu ya nywele, kisha kwa maji ya moto na sabuni ya unga. Petroli iache, mvuke wake unadaka moto kutoka mbali. Hatua hii ni fupi lakini ukiiruka, dawa ya kutu haitagusa chuma kilichofunikwa na grisi iliyoganda, na utaishia kusema dawa ni mbovu.

Tatu: kutoa kutu yenyewe

Anza na njia iliyo dhaifu. Kutu nyepesi ya vumbi hutoka kwa oili nyembamba na stiliwaya laini, ile ya kuoshea masufuria, na kazi inaishia hapo. Ikigoma, nenda kwenye kuloweka.

Dawa ninayoipendekeza kwa mtu wa kawaida ni asidi ya sitriki, ule unga mweupe unaouzwa kwa watengeneza juisi na sabuni. Gramu 50 hadi 100 kwa kila lita ya maji ya uvuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki. Kifaa kizame chote, kikibaki nusu nje kitaacha mstari ulioliwa pale maji yanapokutana na hewa. Kitoe kila baada ya saa moja au mbili, kisugue kwa brashi, kitazame. Kutu ikiisha, kitoe, kwa sababu baada ya kutu asidi inaanza kula chuma chenyewe. Chuma cha kutupwa kitatoka na utando mweusi, huo unafutika kwa kitambaa. Siki ya dukani nayo inafanya kazi, ila polepole, mara nyingi siku nzima.

Kwa vitu vikubwa visivyo na haraka, molasi inayouzwa kwa wafugaji ni nzuri sana. Sehemu moja ya molasi kwa sehemu tisa au kumi za maji, kwenye pipa la plastiki, wiki moja hadi tatu. Inanuka na itakuletea inzi, lakini inaila kutu na kukiacha chuma karibu kilivyokuwa. Aluminiamu usiitie humo.

Kuna njia ya umeme, nayo kuliko zote ndiyo inayopunguza vipimo vya kifaa kwa kiasi kidogo zaidi. Ndoo ya plastiki, maji, magadi soda kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita nne hivi, kipande cha nondo, na chaja ya betri ya volti 12. Waya wa chanya unashika nondo, waya wa hasi unashika kifaa chenye kutu, na vitu hivyo viwili visigusane. Ukikosea waya, kifaa chako ndicho kitakacholiwa. Chaja isiwashwe mpaka kila kitu kiwe mahali pake, na izimwe kabla hujatia mkono. Mapovu yanayotoka ni hidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kazi ifanyike nje na sigara iwe mbali. Usitumie chumvi ya mezani badala ya magadi, inatoa gesi ya klorini. Usitumie chuma kisichoshika kutu mahali pa nondo, maji yake yatakuwa sumu. Bati la mabati nalo liache. Aluminiamu haiingii hapa kabisa, magadi huila.

Springi za valvu na bolti za konrodi haziingii kwenye asidi wala kwenye umeme. Hidrojeni hupenya ndani ya chuma kigumu cha namna hiyo na kukifanya kikatike ghafla bila hata kujikunja kwanza. Zisafishe kwa mafuta ya taa na stiliwaya tu.

Sasa maji ya betri. Najua yanatumika, nimeona vifaa vikichemka kwenye beseni na watu wakifurahia kasi yake. Asidi ile haichagui kutu na chuma, inakula vyote, inapenya kwenye chuma kigumu, na ikimrukia mtu jichoni amepofuka. Hakuna spea inayostahili hatari hiyo. Vivyo hivyo grainda yenye brashi ya waya: itumie nje ya bloku, kwenye mabano na puli, lakini isiguse shingo ya krenki, ndani ya silinda, uso wa hedi wala pua za kemshafti. Huko dakika moja inatosha kuharibu kilichokuwa kizima.

Kwa sehemu za nje zisizosuguana, nyanda hizi zina dawa yake. Maganda ya miwati, miti inayolimwa Njombe kwa ajili ya tanini, yakichemshwa yakatoa maji mazito, maji hayo yakipakwa juu ya kutu iliyosuguliwa huigeuza kuwa utando mweusi ulioshika. Majani ya chai yaliyochemshwa sana hufanya hivyo pia, kwa nguvu ndogo zaidi. Acha ikauke, kisha piga rangi juu. Usipake kwenye sehemu yoyote ya kipimo, kama shingo ya krenki.

Nne: suuza, kausha, paka, bila kupumzika

Kifaa kikitoka kwenye asidi, kitumbukize kwenye maji yenye magadi kidogo ili asidi ife, kisuuze kwa maji safi, halafu kitie kwenye maji yanayochemka mpaka kipate moto wote. Kwa urefu wa Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini joto hilo linatosha: ukikitoa, maji yanakauka yenyewe kwa joto la chuma. Kabla hakijapoa paka oili safi. Ukikiacha hivi hivi wakati unaenda kunywa chai, utakuta kimeota utando wa rangi ya chungwa.

Matundu ya oili ndani ya krenki na bloku yasisahaulike. Pitisha waya laini, sukuma mafuta ya taa, puliza kwa kompresa, rudia mpaka yatoke safi. Kigaga kimoja cha kutu kilichobaki humo kitapelekwa na oili moja kwa moja kwenye beringi mpya.

Tano: kukagua

Hapa ndipo penye kazi. Tafuta mwanga wa jua wa pembeni, wa asubuhi au jioni, unaoonyesha vishimo kwa vivuli vyake.

*Krenki.* Kata ukanda wa msasa namba 600, ulainishe kwa oili, uzungushe kwenye shingo na uvute huku na huku kwa mwendo wa mzunguko mara chache, upate uso uliotulia. Futa kabisa. Sasa pitisha ukucha polepole kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kisha kuzunguka shingo. Ukucha ukiteleza bila kukwama, hata kama macho yanaona madoa meusi, madoa hayo ni rangi tu na shingo ni nzima. Ukucha ukikwama, hiyo krenki inakwenda kuchongwa. Kishimo kikiwa kwenye ile kona ya mviringo ambapo shingo inakutana na bega, ikatae hata kama ni kidogo, kwa sababu krenki hukatikia hapo hapo.

Baada ya ukucha, maikromita, kile kifaa cha kupimia unene. Pima kila shingo sehemu tatu za urefu wake, na kila sehemu pima pande mbili zinazokatana. Tofauti ikizidi milimita 0.05, imekuwa yai, ichongwe. Shingo huchongwa ipungue kwa saizi za milimita 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Kabla hujaipeleka kuchonga, hakikisha beringi za saizi hiyo zipo dukani, zinunue, upeleke krenki pamoja na beringi zake. Watu wamechonga hadi 0.75 na kurudi kukuta maduka ya Mwanjelwa, Mbeya, hayana beringi yake, krenki ikawa pambo.

Halafu nyufa. Futa krenki ikauke, ipake mafuta ya taa kwenye kona za shingo na kuzunguka matundu ya oili, iache nusu saa ili mafuta yaingie popote penye uwazi. Ifute kwa kitambaa kikavu mpaka kitambaa kisichukue kitu. Saga chaki nyeupe iwe unga, nyunyizia juu, ukung'ute wa ziada. Subiri. Palipo na ufa, mafuta ya taa yaliyojificha yataanza kupanda na kuchora mstari mwembamba wa kijivu kwenye weupe wa chaki. Mstari huo ukiuona, krenki hiyo isirudi kwenye injini, wala usimruhusu mtu aichomelee. Mafundi wengine huining'iniza na kuigonga kwa nyundo ndogo wasikilize mlio. Mlio uliokufa ni dalili mbaya, ila mlio mzuri hauthibitishi kwamba haina ufa.

*Slivu na silinda.* Slivu ni bomba la ndani ya silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka. Injini iliyofungwa muda mrefu huacha duara la kutu pale ringi zilipokuwa zimesimama. Likitoka kwa msasa mwepesi na ukucha usikwame, sawa. Likiwa ni mtaro, badilisha au peleka ikapanuliwe. Kupima upanukaji bila kifaa cha gharama, chukua ringi mpya, isukume kwa kichwa cha pistoni hadi chini ya silinda ambako ringi hazifiki, pima mwanya wa ncha zake kwa fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Kisha ipandishe hadi juu, pale ringi ya kwanza hugeukia, pima tena. Toa kipimo cha chini kwenye cha juu, gawanya kwa 3.14. Chini ikiwa 0.40 na juu 1.03, tofauti ni 0.63, na silinda imepanuka milimita 0.20. Kwa injini ndogo ya dizeli ikifika hapo mimi nabadilisha slivu, lakini kitabu cha injini yako ndicho chenye neno la mwisho. Mwanya wa ringi mpya kwenye silinda nzima ya milimita 100 huwa karibu 0.30 hadi 0.40.

Slivu inayozungukwa na maji igeuze utazame mgongo wake. Vishimo vilivyojikusanya upande mmoja kama vilivyochomwa kwa msumari vimetokana na mapovu ya maji yanayopasuka kwa mtikisiko. Vikiwa na kina kirefu, itupe. Ndani inaweza kung'aa na bado ikatoboka baada ya muda mfupi wa kazi.

*Pistoni.* Haioti kutu, inaota unga mweupe. Futa kwa kitambaa na mafuta ya taa. Mifereji ya ringi isafishwe kwa kipande cha ringi iliyovunjika, taratibu, usikwangue aluminiamu. Ringi mpya ikicheza juu chini kwenye mfereji wa kwanza zaidi ya 0.15 hivi, pistoni imechoka.

*Valvu na springi.* Uso wa valvu wenye madoa unasagwa kwa pesti ya kusagia pamoja na kiti chake mpaka upate duara la kijivu lisilokatika. Shina lenye vishimo halina tiba. Springi yenye kishimo hata kimoja itupe, hapo ndipo itakapokatikia na valvu kuangukia pistoni. Zilizobaki zisimamishe juu ya kioo, weka rula juu yake. Iliyo fupi kuliko wenzake imelegea.

*Kemshafti, tapeti, gia.* Kutu ya rangi haina shida. Vishimo kwenye ncha ya pua au kwenye uso wa jino la gia vitazidi kumeguka.

*Konrodi.* Mwili wake unastahimili kutu ya juujuu. Bolti zake zikiwa na vishimo kwenye nyuzi au shingoni, nunua mpya.

*Nozeli na plenja.* Nafasi kati ya plenja na kifuko chake ni kama sehemu mbili au tatu za elfu moja ya milimita, hivyo msasa hauna kazi hapa, wala asidi. Loweka kwenye dizeli safi kwa siku kadhaa. Kisha ilaze mshazari, vuta sindano au plenja nje theluthi moja, uiachie. Ikishuka yenyewe kwa uzito wake bila kusita, kuna matumaini, ipeleke ikapimwe mnyunyizo kwenye mashine. Ikikwama popote, au ikionyesha doa la kutu sehemu inayoteleza, nunua jozi mpya.

*Hedi.* Weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, upana na mshazari, jaribu kupitisha fila geji ya 0.10 chini yake. Ikipita, ipelekwe kusawazishwa. Fanya pia jaribio la chaki katikati ya viti vya valvu.

Sita: kuvirudisha stoo

Oili chafu iliyotoka kwenye injini siyo ya kuhifadhia. Ina asidi, maji na masizi, na ndiyo iliyoharibu spea nyingi zilizopakwa kwa nia njema. Pasha grisi safi kidogo, ichanganye na oili mpya iwe nzito ya kupakika, paka kila kona. Funga kwa karatasi ya kaki au kitambaa cha pamba kilicholoweshwa oili. Nailoni iliyokaza juu ya chuma hufungia unyevu ndani.

Weka kwenye rafu kavu, si sakafuni, na si juu ya mbao mbichi zilizotoka kupasuliwa, maana hizo bado zinatoa maji. Krenki isimamishwe wima na kufungwa ukutani isipinde kwa uzito wake. Kila kifaa kipewe kibati chenye aina ya injini, vipimo ulivyovipata na mwezi ulioukagua, ili atakayekitafuta asianze upya. Vifungue Oktoba kabla ya mvua, na tena baridi ikiisha, upake palipokauka.

Vile ulivyovikataa vipige mkato wa grainda kwenye sehemu ya kazi, uonekane wazi, kabla hujavipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Krenki yenye ufa iliyong'arishwa hurudi sokoni haraka, na anayeinunua mara nyingi ni mwenye kinu kijijini asiye na pesa ya kufungua injini mara mbili.